Stuli ya saiprasi isiyolegea

Stuli nyingi za kujitengenezea huanza kucheza kabla ya mwaka kwisha, na lawama yote hutupiwa gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Mbao ilikuwa mbichi ilipoungwa. Ilipokauka ikanywea, ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa iingie tunduni) ukawa mwembamba ndani ya tundu lake, basi miguu ikalegea. Kwa hiyo tuanze na mbao, na tukae nayo kidogo kabla ya kushika msumeno.

Mbao ya kununua

Kuanzia Nakuru mpaka Kisumu, saiprasi ndiyo mbao rahisi kupata, na anayejifunza hawezi kukosea nayo: inakubali patasi, inanukia vizuri, wala haichoshi mkono. Grivea ya mashamba ya Vihiga na Kakamega ni nzuri pia na hutoa madoa ya kung'aa ikipigwa randa, ila vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Bulugamu iachie paa, maana ikikauka hujipinda na kupasuka. Mvule ni mbao ya heshima, lakini ni ghali na nzito, na wakati mwingine hubeba ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyoharibu makali papo hapo. Usianzie huko.

Kwa stuli moja ya urefu wa sentimita 45 nunua (upana na unene ni kwa inchi):

2x2, futi 7 (miguu)
3x1, futi 4 (reli nne za juu, yaani vipande vinavyounga mguu na mguu)
2x1, futi 4 (reli nne za chini)
8x1, futi 3 (kikalio)

Vipimo hivyo ni vya mbao ikitoka kwa msumeno. Ikishapigwa randa pande zote, 2x2 hubaki kama milimita 45 na ile ya inchi moja hubaki kama 20. Hesabu zote hapa chini zinafuata mbao iliyokwisha kurandwa.

Uwe soko la Kibuye mjini Kisumu au yadi yoyote ya mbao, inua kila mbao, funga jicho moja na uitazame kwa urefu wake kama unayelenga shabaha. Iliyojipinda kama parafujo irudishe, hiyo hainyooshwi. Kwenye 2x2 tazama kichwa cha mbao: ukiona kidoa cha moyo wa mti katikati, chagua nyingine, kwa sababu hiyo itapasuka kuanzia hapo. Vifundo havikwepeki kwenye saiprasi, ila kisiwepo mahali utakapochimba tundu.

Kuikausha

Mbao mbichi ni nzito na ukiiweka shavuni ni baridi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni mizani. Kata kipande cha urefu wa shubiri, kiandike uzito wake kwa gramu kwenye mizani ya duka, kisha ukipime kila wiki. Kikikaa wiki mbili mfululizo bila kupungua, mbao zako zimekauka kadiri hewa ya mahali pako inavyoruhusu.

Zipange kivulini penye upepo, chini ya kila safu vijiti vya unene wa sentimita 2, umbali wa nusu mita, kila kijiti kikiwa juu ya mwenzake. Vijiti visipofuatana, mbao hukauka na mawimbi. Paka vichwa vya mbao rangi ya mafuta iliyobaki popote, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi kwenye vichwa na ndiko nyufa huanzia. Weka mawe juu. Saiprasi ya inchi moja huhitaji miezi 2 hadi 3. 2x2 huchelewa zaidi. Kisumu wakati wa mvua za Machi mpaka Mei, ongeza subira. Nakuru iko juu zaidi na hewa yake ni kavu, kwa hiyo stuli iliyoungwa kando ya ziwa mwezi wa Aprili itanywea tena kidogo ikipelekwa huko.

Kuna mbinu moja inayofaa kuliko gundi yoyote. Siku nne tano kabla ya kuunga, weka zile reli nane mahali pa joto zaidi ya miguu, kwa mfano chini ya mabati au karibu na jiko (si juu yake). Reli ikiwa kavu kuliko mguu, ulimi wake utanyonya unyevu kidogo ukiwa ndani ya tundu na kuvimba, na kiungo kitajikaza chenyewe. Ukigeuza, mguu mkavu na ulimi mbichi, kiungo kitalegea hata umwage kopo zima la gundi.

Matundu na ndimi

Kata miguu minne ya sentimita 45. Urefu wa kweli ni 43; zile 2 za juu zinazuia kichwa cha mguu kupasuka unapogonga patasi, utazikata mwishoni. Kata reli zote za sentimita 27: 22 zinaonekana, na milimita 25 kila upande ni ulimi.

Noa patasi ya milimita 10 kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Mbao laini inataka makali zaidi ya mbao ngumu, kwa kuwa nyuzi laini hupondeka kabla ya kukatika. Jaribu kwenye kichwa cha saiprasi: patasi kali huacha uso unaong'aa, butu huacha vijishimo kama mkate uliokatwa kwa kijiko.

Tundu lianze milimita 10 kutoka uso wa nje wa mguu na liishie milimita 20, kina chake milimita 26. Vipimo hivi vimepangwa hivyo makusudi. Kila mguu unapokea reli mbili zinazokutana ndani, na ukichimba katikati ya mguu, tundu moja litavunja jingine. Yakisogezwa nje hivi, yanagusana kwenye kona tu.

Kwa reli ya juu, ulimi uwe na upana wa milimita 50, ukiacha 10 juu na 10 chini. Chora mabega (mistari ambapo ulimi unaanzia) kwa kisu wala si penseli, kwa sababu mkato wa kisu huzuia nyuzi kunyanyuka. Kata nje ya mstari, kisha upunguze kwa patasi kidogo kidogo. Ulimi unaofaa huingia kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo ni mnene na utapasua mguu. Ukianguka wenyewe, bandika kipande chembamba cha mbao ubavuni na urudie.

Unga kwanza bila gundi. Kisha paka gundi nyeupe ndani ya tundu, unganisha pande mbili, kila upande miguu miwili na reli zake mbili, ya juu na ya chini, na baada ya saa moja uziunganishe kwa reli zilizobaki. Huna jiliwa (kifaa cha kubana mbao)? Zungushia blada ya tyubu ya baiskeli, uivute kwa nguvu. Pima kona kwa kona: vipimo viwili vikilingana, iko mraba. Iache saa 24.

Kikalio

Kata 8x1 vipande viwili vya sentimita 37. Vikunje pamoja kama kitabu, kingo mbili zitakazogusana zikiwa juu, uzipige randa kwa pamoja. Randa ikiinama kidogo, kosa la upande mmoja linafutwa na la mwenzake. Viweke dirishani: mwanga usipite. Gundisha, kisha kata 35 kwa 35.

Usikipigilie misumari. Upana wake utatanuka na kunywea milimita mbili tatu kati ya masika na kiangazi, na msumari utakipasua. Chonga kwa ndani ya reli za juu mfereji wa milimita 6, kisha tengeneza vibao vidogo vyenye ulimi unaoingia mferejini. Vifunge kwa parafujo chini ya kikalio, ukiacha nafasi ya kuteleza.

Piga msasa namba 80, 120, kisha 180, kufuata nyuzi. Ukitumia mafuta ya linsidi, paka kwa tambara, acha dakika 15, pangusa yote yaliyobaki juu. Yale matambara usiyakunje wala kuyatupa pipani: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na tambara lililofumbatwa linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yakakamae.