Aggregate ni nini na unaitumia wapi

Hii neno inatusumbua juu tunaikuta mahali tatu, kwa mpira, kwa matokeo ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) na kwa site ya ujenzi, na kila mahali ni kama imebadilisha maana. Haijabadilisha. Imetoka kwa grex ya Kilatini, yaani kundi la mifugo, so ku-aggregate ni kuswaga ng'ombe zako, zangu na za jirani ziingie boma moja halafu zihesabiwe kama kundi moja.

Mpira ndio rahisi. Hapa Kisumu 1987 kila mtu anaijua, hata kijana hajazaliwa wakati huo atakuambia alikuwa uwanjani. Ilikuwa fainali ya African Cup Winners' Cup, Gor Mahia ilitoka 2-2 na Esperance kule Tunis, wakarudiana Nairobi ikawa 1-1, weka hizo mechi mbili pamoja aggregate ni 3-3, na kombe tukabeba kwa magoli ya ugenini, sisi mbili wao moja. Kwa mpira sema "on aggregate". "In aggregate" iachie mambo kama mauzo, mama wa samaki Dunga akijumlisha Jumatatu mpaka Jumamosi.

Kwa KCSE ndio watu hupotelea, wanachanganya na average. Masomo yanayohesabiwa ni 7, kila moja mwisho ni pointi 12, kwa hivyo aggregate ya juu kabisa ni 84. Tuseme umepata 48. Hiyo 48 yenyewe ndio aggregate, sasa ukigawanya kwa 7 unapata 6.86, inasukumwa mpaka 7, ndio C+, na hiyo tayari ni mean, yaani average. Mtu akikuambia "aggregate yangu ni C plus" mrekebishe pole pole, matokeo yenyewe pengine bado yanamuuma.

Kwa site, ile fundi anaita balasti, makaratasi ya enjinia yanaiita aggregate, na hata mchanga umo, huo ni "fine aggregate". Mawe kibao yakishikwa na simiti yanakuwa kitu kimoja, ni boma tu tena.

Kuandika, g ni mbili mbele na moja nyuma. Kutamka, ikiwa jina malizia na "get" fupi, ikiwa kitenzi vuta, "geit".

Na si kila jumla ni aggregate jameni. Ununue sukuma na nyanya Kibuye halafu uulize mama "what's the aggregate?" atakuangalia juu mpaka chini. Hapo ni total tu, ama uulize "zote ni ngapi?"