Fildi ya wiki nane kwenye maabara ya mbu: jinsi ya kuipita

Fildi yangu ya mwaka wa pili niliifanyia bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kwa watafiti wa mbu wa malaria. Ilikuwa wiki nane za likizo ndefu, Julai hadi Septemba. Mdogo wangu uliyepata barua ya kukubaliwa mwaka huu, soma haya kabla hujapanda basi.

Siku ya kwanza muulize msimamizi: swali tunalolijibu ni lipi, na kipande changu ni kipi? Kipande changu kilikuwa kujua mbu wanaoingia nyumba za kijiji kimoja ni wa aina gani. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis wamefanana mno, hata darubini haiwatenganishi. Mpaka upime DNA. Na tofauti ina uzito wake, maana arabiensis huuma watu hata nje ya nyumba, huuma na ng'ombe pia, kwa hiyo chandarua peke yake hakimmalizi. Siku ulizochoka, swali hilo ndilo litakalokuamsha.

Wiki mbili za kwanza utachambua mbu tu. Dume ana vipapasio vyenye manyoya mengi, jike hana. Anopheles jike, vijitawi vilivyo kando ya mrija wake wa kunyonyea vinalingana urefu na mrija wenyewe. Culex jike vyake ni vifupi. Kaa karibu na fundi sanifu wa maabara, si na wanafunzi wenzako. Kaka aliyenifundisha alitambua mbu kwa kumtupia jicho, akanisubiri nitambue kwa dakika tano bila kununa.

Kijijini piga hodi, mwamkie mwenye nyumba, mweleze unachofanya kwa Kiswahili cha nyumbani. Usitege kabla hajakubali, hata kama mwenyekiti wa kitongoji ameshakuruhusu. Mtego wa taa huning'inizwa karibu na kitanda ambamo mtu amelala ndani ya chandarua, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri. Kagua betri kabla ya kuondoka. Mimi niliacha moja iliyokwisha chaji. Asubuhi mfuko ulikuwa mtupu, na familia ilikuwa imelala na mtego chumbani bure.

Sasa nikueleze wiki ya tano, kwa sababu ndiyo inayowavunja wengi.

Kila ukifanya PCR, yaani kipimo kinachozidisha DNA ya mbu mpaka itambulike, weka kisima kimoja (kitundu cha sampuli) chenye maji safi badala ya DNA ya mbu. Kwenye jeli, bamba laini ambamo DNA hupitishwa kwa umeme ikajipanga kwa urefu wake, mstari wa maji unatakiwa usionyeshe kitu. Wangu ulionyesha bendi, yaani alama ya DNA, iking'aa kwenye urefu wa 315, mahali pale pale pa arabiensis. Maana yake DNA ilikuwa imeingia nisikokujua, na matokeo ya siku tatu hayakufaa hata moja. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia.

Likikupata hilo, mweleze msimamizi siku hiyo hiyo. Usirudie kimyakimya, wala usiifute picha ya jeli. Nenda na daftari. Langu lilikuwa na tarehe, saa, chupa ya maji niliyotumia na namba ya pipeti (kifaa cha kunyonyea na kupimia matone), kwa hiyo tulikipata chanzo kabla ya chakula cha mchana: pipeti niliyopakilia jeli ndiyo niliyochanganyia dawa za PCR. Msimamizi hakunifokea. Alinionyesha tarehe kwenye daftari lake la zamani lilipompata yeye.

Tangu hapo nilifuata utaratibu huu, nawe ufuate. Meza ya kuchanganyia iwe mbali na meza ya jeli, na kila meza iwe na pipeti zake na koti lake. Futa meza kwa jiki iliyozimuliwa. Maji yagawe kwenye vijichupa vidogo, ukitumia kimoja ukitupe. Kwa kila mbu tumia mguu mmoja au miwili tu; mwili uliobaki urudishe kwenye kichupa chenye silika, punje za kufyonza unyevu, ukiandika namba kwa penseli, kwa sababu wino hufutika ukiguswa na ethanoli. Miili ile niliyoihifadhi ndiyo iliyoniokoa. Nilianza upya bila kurudi kutega, na safari ile mstari wa maji ulitoka mweusi kabisa, bila bendi.

Posho ikichelewa, kula na wenzako. Kuchangia sufuria moja ya wali wa Kilombero ni nafuu kuliko mgahawa.

Wiki ya mwisho tenga siku moja ya kurudi kijijini, hata kama ripoti haijaisha. Mimi nilikwenda na orodha ya namba za nyumba. Mama wa nyumba ya kumi na moja alinipa kigoda, akauliza, "Haya mwanangu, na wale wa kwangu walikuwa wepi?" Nikafungua daftari, nikamwonyesha mstari wake.