Somo: Kuotesha musafwa mfupi kwa mbegu

Ndugu zangu wa Lubumbashi, kila kiangazi naona watu wanarudi kutoka pori na musafwa mfupi waliong'oa, ule mti wa matunda ya zambarau tunayokula, na kila mara unakauka. Kile kijiti kisichofika hata mita moja si mche mchanga. Ni ncha za mti ambao shina lake limelala chini ya udongo. Ndiyo maana moto ukipita juu yake, unachipua tena. Ukichimba umekata shina lenyewe, kwa hiyo tuoteshe kwa mbegu.

Jina lake la kitaalamu ni Syzygium guineense, aina ndogo huillense, jamii moja na mpera na mkarafuu. Ili usikosee, tazama majani: yanakaa mawili mawili yakitazamana. Chuma moja uliinue juani, utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Ni vifuko vya mafuta, hata jani la mpera linavyo.

Matunda yake huiva wakati wa mvua. Okota yaliyokolea zambarau. Sasa nisikilizeni vizuri: msianike mbegu juani kama mahindi. Mbegu ya musafwa ikikauka imekufa. Toa nyama ya tunda kwa vidole, osha, panda siku ileile. Kama uko mbali na nyumbani, ifunge kwenye kitambaa chenye unyevu.

Tumia kifuko kirefu kilichotobolewa chini, mzizi upate pa kushukia. Changanya udongo wa pori na mchanga, fukia mbegu kama sentimita 1, weka penye kivuli chepesi. Mwagilia bila kutuamisha maji, kisha vumilia wiki kadhaa. Mvua za Novemba zikirudi, uhamishie penye jua.

Mama wa Katuba: Mwalimu, wangu ulitoa majani manne, halafu miezi sasa umesimama. Umekufa?

Jibu: Kwaruza ngozi ya shina kwa ukucha, mama. Ukiona kijani, uko hai. Kazi yake kubwa ya kwanza ni huko chini.

Papa wa Ruashi: Naweza kuchemsha magome yake kwa ajili ya tumbo?

Jibu: Hapana, papa, usinywe. Magome ya musafwa yanajulikana kwa sumu. Sisi tule tunda, na tumbo lipelekwe kwa muganga wa hospitali.

Kijana wa Kampemba: Musafwa tayari umeota ndani ya shamba letu. Nifanye nini?

Jibu: Uzungushie mawe, na umwambie kila anayelima hapo asipitishe jembe.