Usiwauzie wachezaji mabaharia waliokomaa

Naongoza mchezo wa mezani wa kuigiza kwa dadu, wa meli za tanga. Wachezaji wangu hapa Kampala wakifika bandarini mchezoni hutupa dhahabu mezani: "Tupe mabaharia thelathini." Siwapi. Nawapa sita wanaojua kazi, na ishirini na wanne waliotoka kulima viazi. Hapo ndipo mchezo unanoga.

Wale sita ndio wapande mlingoti kukunja tanga upepo ukichafuka. Wageni wabaki chini kuvuta kamba. Somo la kwanza ni majina ya kamba. Usiku wa dhoruba nahodha akipiga kelele "Legeza demani!", yaani kamba ya kuongozea tanga, na mgeni akalegeza henza, kamba ya kulipandishia, foromali, mti unaobeba tanga, inashuka na tanga lake juu ya vichwa vya wenzake. Mimi nacheka peke yangu nyuma ya ubao unaoficha karatasi zangu. Warushe dadu kwa hasara mwanzoni, yaani wakatwe pointi, na kila safari wakifika salama uipunguze kidogo.

Zamu zipange kama meli za kweli: makundi mawili, saa nne nne, ila jioni zamu mbili fupi za saa mbili mbili, ili kundi lilelile lisikose usingizi saa zilezile kila usiku. Wakizipuuza, uchovu uwatandike.

Ukitaka ladha ya kwetu, waajiri wapiga kasia wa ziwani. Watu wa visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, ndio walioendesha mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, chini ya mkuu wa mitumbwi hiyo mwenye cheo cha Gabunga. Mikono ya chuma, lakini tanga kwao ni jambo geni. Wape mwezi.