Tukio la bangili katika An Ideal Husband

Kichekesho hiki cha Oscar Wilde, kilichoigizwa mara ya kwanza London Januari 1895, husimama au kuanguka katika sehemu ya tatu. Lord Goring anambana Bi Cheveley kwa pambo la almasi ambalo mwanamke huyo aliliiba, mpaka aitoe barua inayoweza kumwangusha rafiki yake Goring, Sir Robert, naibu waziri wa mambo ya nje.

Pambo liwe moja, umbo la nyoka, la kubana kifuani na la kuvaa mkononi pia. Kifungo chake kiwe chepesi kabisa. Bi Cheveley hushindwa kulivua mkononi, lakini ugumu huo auigize mwigizaji. Kikikwama kweli, atabaki akihangaika nacho wakati wa maneno muhimu.

Barua ni mbili, na hapo ndipo wengi huharibu. Ya Sir Robert huchomwa kwenye taa: weka sahani ya chuma karibu, na mtu mwenye ndoo ya maji pembeni ya jukwaa. Ya Lady Chiltern, mke wa Sir Robert, aliyomwandikia Goring, ni ya rangi ya waridi. Ncha yake ichomoze mezani, upande wa watazamaji. Goring akigeuka kummiminia maji, Bi Cheveley aiibe taratibu. Akiharakisha, ukumbi hautaiona, na sehemu ya nne haitaeleweka.