Namna ya Kuanza Kusoma Kriminolojia Ukiwa Sekondari

Kriminolojia, yaani elimu inayochunguza uhalifu, vyanzo vyake na namna jamii inavyoushughulikia, haimo katika ratiba ya sekondari zetu hapa Tanzania, lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuianza mwenyewe akiwa na daftari na subira.

Anza na sheria, kwa kuwa kitendo hakiwi jinai mpaka sheria iseme hivyo. Tafuta toleo jipya la Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na usome kosa moja tu, tuseme wizi. Kisha soma kifungu kinachosema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, ujiulize ni kwa nini tendo lilelile liwe kosa kwa mmoja na lisiwe kosa kwa mwingine.

Wakati wa likizo, nenda ukasikilize kesi katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri huendeshwa kwa Kiswahili na kwa kawaida hadharani. Jitambulishe kwa karani, zima simu, na uzoee kuandika kwa uangalifu: anayeshukiwa ni mtuhumiwa, aliyesomewa shtaka ni mshtakiwa, na hakuna wa kuitwa mhalifu kabla ya kutiwa hatiani.

Nadharia zisikutishe. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alidai kwamba mhalifu huzaliwa hivyo na hutambulika kwa umbo lake, dai ambalo limekwisha kukataliwa. Mwaka 1938 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliutazama uhalifu kama tokeo la jamii inayowahimiza watu wote kufanikiwa huku ikiwanyima wengi njia halali.

Sehemu ninayoiona tamu kuliko zote ni takwimu. Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa ripoti za uhalifu, nazo huhesabu yaliyofika kituoni tu. Mtu aliyeporwa simu kwenye stendi ya daladala huenda akafika polisi kutafuta taarifa ya kupotelewa mali ili arudishiwe laini yake, na akaandikisha kwamba simu “imepotea”. Wizi huo hautaonekana popote. Kwa hiyo, ukiona idadi ya wizi imepanda katika wilaya fulani, kwanza uliza kama kimefunguliwa kituo kipya cha polisi, ndipo uulize habari za wezi.