Wolpepa ya picha kwenye kuta za Mji Mkongwe

Kabla hujaagiza pima ukuta, na usipime pahala pamoja tu, upana chukua chini, kati na juu, urefu kushoto na kulia, maana kuta zetu hizi za mawe na chokaa hazijanyooka ata kidogo, wangu mie ulipishana sentimita 4! Shika kipimo kikubwa, ongeza sentimita 5 kila upande. Angalia na kochi litakaa wapi, mie picha yangu ni ya dau, lote limezibwa na kochi limebaki tanga tu.

Ukiona unga mweupe wa chumvi unatoka ukutani acha kwanza, gundi haitoshika, na masika ndo usijaribu kabisa.

Kipande cha mwanzo fata timazi (uzi wenye kizito chini, unaoonesha wima), sio kona. Kwenye swichi zima umeme, kata kwa wembe mpya.